Riso ya kuchapia mitihani ndiyo mashine yangu namba moja kwa dizaini za majaribio

Kama umesoma shule za hapa nyumbani basi kazi ya riso umeishaishika sana, ile mitihani ya moko na mazoezi ya mwisho wa muhula yenye wino mweusi uliokolea ambao ukipitisha kidole chenye jasho unaacha alama, nyingi zinatoka kwenye riso. Steshenari nyingi zinazochukua kazi za shule wanayo moja pale nyuma ya fotokopi na hakuna dizaina anayeiulizia. Mimi nafanya nembo na mabango hapa Dar na nimepeleka kwenye steshenari moja Kariakoo kazi nzima ya kijiwe cha kahawa cha rafiki yangu, nembo, bango la A3, menyu na kikadi cha kugonga muhuri, vyote kwa riso rangi mbili, nyekundu na nyeusi. Naandika hii kwa sababu kiukweli matokeo yamenifurahisha kuliko kazi yoyote niliyowahi kuchapa dijito.

Kwanza uijue mashine yenyewe maana usipoijua utadai vitu isivyoweza. Inatengenezwa na kampuni ya Riso ya Tokyo iliyoanzishwa 1946, na Risograph, ndilo jina kamili la hizi mashine, zilianza kutoka miaka ya 80. Kwa nje inafanana na fotokopi ila ndani ni kitu kingine kabisa. Faili lako linachomwa vitundu vidogo vidogo kwenye karatasi laini sana inaitwa masta, masta inajiviringisha kwenye dramu yenye wino ndani, halafu karatasi inapita kwa kasi wino unapenya kwenye vile vitundu. Dramu moja rangi moja. Ukitaka rangi ya pili fundi anachomoa dramu anaweka nyingine, inachomwa masta nyingine na karatasi zote zinarudi kupita tena. Hakuna joto la kuunguza wino kama kwenye fotokopi, wino ni wa mafuta unanyonywa na karatasi, ndio maana rangi inakaa imetulia haing'ai, na ndio maana pia ukileta karatasi ya kung'aa hautakauka utakuchafukia tu.

Ulaya hii mashine wameichukua zamani kwa kazi za sanaa, wachapaji wa Knust kule Nijmegen Uholanzi wamekuwa wakichapa vitabu vya wasanii kwa stensili, yaani njia hii ya wino kupenya kwenye vitundu, toka miaka ya 80, na London kuna Hato Press wanaofanya kazi nzuri sana kwa riso. Watu wanalipa hela nzuri kwa mabango ya hivyo, na sisi mashine ileile ipo mtaani kwetu inachapa mtihani wa hisabati wa darasa la saba.

Sasa kazi yangu ilikuwaje. Ukiliandika neno KAHAWA kwa herufi kubwa zisizo na mikia, hakuna mviringo hata mmoja, zote ni mistari iliyonyooka, na ukitoa hiyo K ya mwanzo zilizobaki zote kushoto na kulia zinafanana. Hapo nikaona kuna bango. Nikaikuza ikajaza A3, nikachapa nyekundu kwanza, halafu karatasi zikageuzwa juu chini zikapita kwenye nyeusi na neno lilelile. H inabaki H, A inageuka V yenye mstari katikati, W inasimama kama M, na pale nyekundu na nyeusi zinapokutana unapata nyeusi nzito yenye joto ambayo kwenye kompyuta sikuiona kabisa. Fundi ndiye aliyeniuliza "nyekundu itangulie au nyeusi itangulie?" na akanishauri nyekundu itangulie kwa sababu rola zikipita juu ya nyeusi mbichi zinaburuza alama kwenye karatasi nzima. Kaka yule anaijua mashine yake, na nawaambia ukimpata fundi wa hivyo kaa naye vizuri, muulize maswali, usimtupie tu fulashi ukaondoka.

Nembo nayo niliidizaini nikijua karatasi itacheza. Rangi mbili za riso hazikutani palepale kila nakala, kuna kuteleza milimita moja, wakati mwingine mbili, hata fundi akirekebisha kwa vile vitufe vya kusogeza. Kwa hiyo nikaweka duara jekundu tupu, kikombe ukikiangalia kwa juu, na herufi nyeusi zinakaa juu yake bila kubanwa sehemu maalumu. Duara likisogea kushoto nembo bado ni nembo, na kila kikadi kinakuwa na sura yake. Mwenye kijiwe mwanzoni alisita akadhani zimeharibika, nikamwekea vikadi kumi mezani kwa pamoja akaelewa mwenyewe. Tena jambo hili sisi si geni kwetu, chukua kanga yoyote ya kabatini uangalie pindo na mji zinapokutana rangi, utaona pale rangi imepishana kidogo na weupe umechungulia, na hakuna mtu aliyewahi kuikataa kanga kwa ajili hiyo.

Upande wa maandishi madogo riso imenishangaza. Menyu nimeiweka pointi 8 kwa nyeusi peke yake na inasomeka safi kabisa, kashata, tangawizi, kahawa chungu, zote ziko kali. Ila maandishi madogo usiyachape kwa rangi mbili kwa kupandanisha, yataota kivuli na macho yatauma. Na dizaina wenzangu nawaomba muiangalie ile alama ya ng' kabla ya kupeleka faili, fonti nyingi za bure zinaigeuza au inakaa mbali na g, na kwenye riso kila kitu kinatoka kikavu hakuna pa kujificha. Maneno yetu pia ni marefu, wanaokuja, tunapatikana, ukitumia fonti pana mstari unaisha mapema, mimi nilichagua fonti nyembamba kidogo ndio vikakaa.

Bei ni rafiki lakini uielewe inavyokwenda. Unalipa masta kwanza kisha kila nakala kwa bei ndogo sana, kwa hiyo nakala 10 haina maana, nenda tu dijito. Kuanzia 100 kwenda juu ndio utamu unaanza, kwenye mabango yangu 200 ya rangi mbili bei ya moja ilikuwa chini kwa mbali ukilinganisha na kuchapa rangi za kawaida.

Yasiyonipendeza yapo. Sehemu kubwa iliyojaa nyeusi tupu haitoki sawasawa, inakuwa na mabaka, na ikiwa nyeusi iko karibu na ukingo unaoingia kwanza karatasi inang'ang'ania dramu na mashine inakwama. Wino wake unaweza kuchafua vidole hata baada ya muda, kwa hiyo kifungashio cha chakula sahau, na bango ukilikunja mapema linapakaa. Rangi pia hiyo steshenari wana nyekundu na nyeusi tu, bluu na ile pinki ya kuwaka zipo kiwandani lakini kila dramu ni gharama na kwa mitihani hawana sababu ya kuinunua, nawaelewa. Msimu wa mitihani usipeleke kazi ya haraka, shule zinatangulia na ni haki yao. Picha za sura za watu sijaridhika nazo, chembechembe zinakuwa nyingi mpaka shavu linaonekana lina vumbi, japo kwa mtu anayeutaka muonekano huo ni sawa.

Ukienda, tenganisha faili kila rangi peke yake na zote ziwe nyeusi na kijivu tu, mashine haijali umeweka nyekundu kwenye skrini. Peleka pdf kwa fulashi, au kwa WhatsApp itume kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa herufi zinatoka na meno. Acha ukingo mweupe pande zote nne maana haichapi mpaka mwisho, ukitaka rangi ifike ukingoni panga kukata kwa gilotini. Ongeza karatasi za kuharibu, kama 20 hivi, za fundi kutafutia mkao wa rangi ya pili. Na karatasi njoo nazo mwenyewe, bondi nzito au manila isiyong'aa, hata kaki inakubali vizuri sana. Vikadi vya awamu ijayo tunachapa kwenye kaki, nimeshajaribu chache, nyekundu inatulia na nyeusi inabaki na nguvu yake, na gharama haijapanda isipokuwa ya karatasi yenyewe.