Uzoefu wangu: EEG mbili, MRI moja, na swali kuhusu vikombe

Mara ya kwanza nilianguka bafuni hosteli, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya mtihani wa anatomia. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa stashahada ya uuguzi na ukunga katika chuo kimoja mkoani Morogoro, nina miaka 19. Nakumbuka mswaki, kisha nakumbuka nyuso za wenzangu juu yangu, ulimi umevimba, khanga imelowa. Mmoja wao alikuwa na kijiko mkononi, alichokuwa amenitia mdomoni. Jino langu la mbele lina pengo mpaka leo kwa sababu ya kijiko kile, na sote tulikuwa tunasomea uuguzi. Tafadhalini, msimwekee kitu chochote mdomoni mtu anayetukutika. Ondoeni vinavyoweza kumuumiza, mlazeni ubavu, tazameni saa. Dakika tano zikipita hajaacha, mpelekeni hospitali.

Ilinichukua miezi kumi na minne kujua kwamba ni kifafa, na ni cha aina gani, na mingi kati ya hiyo haikupaswa kupotea. Ndiyo sababu naeleza hapa huduma nilizopitia, bila kutaja majina ya hospitali.

Hospitali ya kwanza ilikuwa ya karibu na chuo. Walipima malaria, sukari, shinikizo la damu na wingi wa damu, vyote vizuri. Daktari akaniuliza nimelala saa ngapi, nikamwambia sikulala kabisa, nilikuwa nasoma. Akasema nikale, nikapumzike, nikianguka tena nirudi haraka. Siwalaumu. Kuanguka mara moja peke yake mara nyingi hakutoshi kumwita mtu mgonjwa wa kifafa; kwa kawaida madaktari hutaka kuona matukio mawili yaliyopishana zaidi ya saa 24, yasiyo na sababu ya papo kwa papo kama homa kali au sukari kushuka. Walinitendea haki. Asiyejitendea haki ni mimi, kwa sababu nilianguka tena na sikurudi.

Sikurudi kwa sababu mimi ni mtu wa Mahenge. Kwetu ukisema umeanguka, hakuna anayeuliza kama umejikwaa. Wilaya yetu ya Ulanga inajulikana kwa kifafa kwa miaka mingi. Daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa pale Mahenge tangu miaka ya 1960, na watafiti wameendelea kuja, wengi wakihusisha wingi wa wagonjwa na usubi, ugonjwa unaoletwa na inzi weusi wa kwenye mito yetu yenye maji ya kasi. Dawa ya usubi nimeimeza tangu shule ya msingi. Lakini kabla ya kujua hayo yote nilikuwa nimeshaona jambo jingine. Nikiwa mtoto nilimwona mama jirani akiungua mkono jikoni kwake, watu wamesimama mlangoni hawamgusi, kwa kuamini kwamba mate ya anayeanguka yanaambukiza. Hayaambukizi. Kifafa hakiambukizi kwa mate, mkojo wala ushuzi, na hili ningependa lisemwe kila mahali ambapo watu wanakusanyika. Ila moyo wangu ulikuwa bado umesimama pale mlangoni, na nikaficha.

Mara ya pili ilikuwa asubuhi baada ya mkesha wa msiba. Mara ya tatu ilikuwa baada ya zamu ya usiku wodini, mwaka wa pili. Safari hii aliniona mwalimu, ikabidi niende.

Hospitali ya pili ilikuwa ya kulipia, na ndiko nilikotoka na majibu yasiyo sahihi. Waliniandikia EEG, kipimo kinachosoma umeme wa ubongo kwa vitufe vinavyobandikwa kichwani. Nililipa shilingi 120,000. Hakuna aliyeniambia nijiandae vipi. Nilikwenda nimesuka rasta, nimepaka mafuta, nimelala usiku mzima vizuri. Mtaalamu akahangaika kupenyeza vitufe katikati ya rasta, vingine vikawa vinaachia. Dakika ishirini, nimekaa macho, basi. Hakuniambia niheme kwa nguvu, hakuwasha taa za kumweka, hakuniacha nisinzie. Majibu: hakuna tatizo. Daktari akaisoma ile karatasi akaniambia, "Huna kifafa, binti. Ni mawazo ya masomo."

Nilifurahi mno. Nilimpigia mama nikalia kwa furaha.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba EEG moja ya kawaida hukosa sehemu kubwa ya wenye kifafa, kwa sababu inasoma dakika chache tu za ubongo ambao siku nyingi umetulia. Ikionyesha kasoro inasaidia. Isipoonyesha, haijakuondolea kifafa. Daktari yule angenieleza hivyo kwa sentensi moja, nisingeendelea na zamu za usiku. Nilianguka tena baada ya wiki sita. Hapo daktari mwingine wa hospitali ileile akaagiza MRI, kipimo cha kupiga picha za ndani ya ubongo, akisema kwa mtu wa sehemu zinazofuga nguruwe ni vizuri kuangalia uvimbe wa tegu kwenye ubongo. Hoja ilikuwa ya haki, kwa sababu mayai ya tegu wa nguruwe ni chanzo kikubwa cha kifafa katika nchi zetu. Baba aliuza mpunga, tukalipa shilingi 450,000. MRI ikatoka safi. Akaniandikia dawa ya kifafa, karbamazepini, bila kuniuliza zaidi ya "unaanguka mara ngapi?"

Karbamazepini ni dawa nzuri inayosaidia wengi. Kwangu mimi iliharibu mambo. Kuanguka hakukuisha, na asubuhi mikono yangu ikaanza kuniasi zaidi. Kikombe cha chai kinaruka, kalamu inachora mstari katikati ya ripoti. Nikadhani ni uchovu.

Kisha ikaja asubuhi ambayo mpaka sasa siwezi kuisimulia nikiwa nimesimama. Wodi ya wazazi, kama saa kumi na mbili, tunakaribia kukabidhiana zamu. Nilikuwa nampa mama mtoto wake wa saa tatu tangu azaliwe. Mkono wangu wa kulia ukashtuka. Sista wa zamu alikuwa karibu, akamdaka mtoto akiwa bado juu ya kitanda. Mtoto hakuumia, hata hakuamka. Mimi nilikaa chini sakafuni nikawa siwezi kuinuka.

Chuo kikaniambia nirudi nyumbani nipone kwanza. Hakuna aliyesema nitarudi lini, wala ni nani ataamua kwamba nimepona. Nilikaa Mahenge miezi mitatu, nikapelekwa kwenye maombi, nikapelekwa kwa mzee mmoja wa miti shamba. Walionipeleka walinipenda, na sitasema neno baya juu yao.

Aliyenitoa ni sista yuleyule wa wodini. Alimpigia mama yangu akamwambia, "Mama, huyu mtoto hajaonwa na bingwa hata mara moja." Ni kweli. Miezi yote ile nilikuwa sijakutana na daktari wa mfumo wa fahamu. Tukaomba rufaa, nikapanda treni ya SGR kutoka Morogoro kwenda Dar es Salaam, nikafikia kwa mama mdogo Mbagala.

Kliniki yenyewe: foleni ya muda wa saa tano, viti havitoshi, na karani wa mapokezi aliyepaza sauti "wa kifafa wakae upande huu" hadi ukumbi mzima ukageuka. Hilo liliniuma na nimeliandika kwenye sanduku la maoni. Lakini ndani ya chumba cha daktari nilikaa dakika arobaini. Alikuwa mama wa makamo. Nilimwamkia, akaitikia, akasukuma bahasha ya MRI pembeni bila kuifungua, akasema, "Hizi picha nitaziangalia. Kwanza nisimulie wewe."

Aliniuliza mambo ambayo hakuna aliyeniuliza. Saa ngapi hasa ninaanguka. Usiku wake nililala kiasi gani. Utotoni niliwahi kuwa na degedege? Kuna nyakati nilikuwa naduwaa darasani? Kisha akauliza, "Asubuhi ukiamka, mikono huwa inaruka?"

"Inaruka vipi, daktari?"

Akatikisa bega lake ghafla, kama mtu aliyeguswa na waya wenye umeme. "Hivi. Vitu vinakuponyoka?"

Nikanyamaza. Halafu nikaanza kuhesabu. Vikombe tangu kidato cha tatu. Mswaki. Chaki siku niliyoitwa ubaoni. Nyumbani waliniita "mikono ya siagi" nami nikaamini ndivyo nilivyoumbwa. Mtoto wa wodini sikumtaja kwanza, kisha nikamtaja, na nikalia pale. Alinipa kitambaa cha karatasi akasubiri.

Aliniambia anadhani ni JME, aina ya kifafa inayoanza mtu akiwa kijana, ambayo dalili zake ni mishtuko ya misuli asubuhi baada ya kuamka na, kwa wengi, kuanguka kabisa, hasa baada ya kukosa usingizi. Si ugonjwa mpya. Mjerumani Dieter Janz na mwenzake waliueleza tangu mwaka 1957. Alisema wagonjwa wengi hawasemi juu ya ile mishtuko kwa sababu hawajui kwamba ni ugonjwa, na daktari asipouliza, inapita. Na karbamazepini, kwa aina hii, inaweza kuizidisha. Mwenzangu wa chumba alikuwa amewahi kunirekodi kwa simu asubuhi moja nikiwa nimekaa kitandani, mabega yananiruka, akidhani nina baridi. Nilimpigia simu palepale akanitumia. Daktari aliitazama mara tatu.

EEG ya pili naieleza kwa kirefu, maana maandalizi ndiyo yaliyoleta tofauti. Nilifumua nywele zote. Nikaziosha kwa sabuni bila kupaka mafuta. Dawa niliambiwa niendelee nayo kama kawaida mpaka daktari aseme vinginevyo. Nilitakiwa nikeshe sehemu kubwa ya usiku, bila chai wala kahawa asubuhi, na nisiende peke yangu. Mama mdogo alikaa nami sebuleni tukichambua choroko kilo nzima, akinisimulia ujana wake na mama, na kila kichwa changu kilipoinama aliniita kwa jina la bibi yangu ili nicheke. Alfajiri tukachukua bajaji, amenishika mkono njia nzima.

Mtaalamu alipima kichwa kwa utepe, akaweka alama kwa penseli, akabandika vitufe kimoja kimoja kwa uji mzito wa baridi. Hakiumizi, na umeme hauingizwi mwilini, unasomwa tu. Aliniambia niheme kwa nguvu dakika tatu, vidole vikawa vinawasha. Akawasha taa za kumweka mbele ya macho yangu yaliyofumbwa. Kisha akazima taa za chumba akaniambia, "Sasa lala, dada." Nililala kama jiwe. Jumla karibu saa moja.

Safari hii karatasi ilisema. Daktari alinionyesha kwenye skrini miiba mingi ikifuatwa na mawimbi, pande zote mbili za ubongo kwa wakati mmoja, mara nne hadi sita kwa sekunde. Nilikuwa nimeiona kwenye kitabu cha shule. Kuiona ikiwa ni yangu, na jina langu pembeni, kulinipa utulivu ambao sikuutarajia.

Akaniondoa kwenye karbamazepini taratibu, akanianzishia levetirasetamu, mwishowe miligramu 500 asubuhi na 500 usiku. Alieleza kwamba valproeti ni dawa yenye nguvu sana kwa aina hii, lakini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo kwa msichana wa umri wangu hapendi kuanza nayo. Nilithamini sana kuelezwa. Wiki tatu za kwanza nilikuwa na hasira za ajabu, nilimfokea hata mama mdogo. Daktari alikuwa amenionya, na zikapungua. Dawa hii nainunua mwenyewe na bei yake inaniumiza. Pia alinieleza wazi kwamba huenda nikaihitaji maisha yangu yote, na kwamba kuiacha kwa sababu najisikia vizuri ndiko kunakowarudisha wengi sakafuni.

Nikipanga nyota: hospitali ya kwanza nne kati ya tano. Hospitali ya kulipia moja, kwa EEG isiyoandaliwa na kwa neno "mawazo". Kliniki ya bingwa tano kwa daktari na mtaalamu wa EEG, mbili kwa mapokezi. MRI siijutii, ila mpunga wa baba ungeweza kusubiri swali la mikono liulizwe kwanza.

Daktari aliandika barua kwa chuo: naweza kusoma na kufanya kazi, nisipangiwe zamu za usiku, na saa ya kwanza baada ya kuamka nisibebe mtoto wala kushika sindano. Chuo kilikubali baada ya vikao viwili, nikarudishwa darasa moja nyuma. Nina miezi minane sijaanguka. Mishtuko ilinitokea mara mbili, zote siku nilizochelewa kulala, na safari hii niliziandika kwenye daftari pamoja na saa.

Wiki ijayo narudi wodi ya wazazi, zamu ya mchana. Sista yule bado yupo. Amenitumia ujumbe kwamba nifike saa mbili, nimeshakunywa dawa, nimeshakunywa chai.