Mirabel au Isabela? Ubishi wa barazani Ngamiani

Hapa Ngamiani, Tanga, wasichana wakikaa barazani kusukana, ubishi ni Encanto, katuni ya Disney ya 2021: Mirabel au dada yake Isabela? Isabela ana nywele ndefu, na akipita maua yanachanua. Mzuri, basi. Mirabel ana miaka 15, miwani mikubwa, na ndiye mjukuu pekee wa ukoo wa Madrigal aliyenyimwa kipaji cha miujiza. Anaumia, anajifanya haumii, anakosana na bibi yake. Huyo tunamjua, yumo nyumba ya pili. Mimi, mvaa miwani tangu darasa la tatu, sina cha kubishana. Isabela nilimpenda baadaye, alipochoka kuwa mkamilifu akaotesha dungusi, lenye miba tele, akafurahi kama mtoto.