Kijiji cha Makumbusho na watoto wadogo: mwende na bibi yao

Nina watoto wawili, wa kike miaka sita, wa kiume minne. Mwaka huu nimewatembeza sana hapa Dar. Kuna sehemu moja ya michezo nililipa hela ndefu, tukafungiwa chumbani na muziki mkubwa, wazazi hatuna hata pa kukaa. Kijiji cha Makumbusho ndiko pekee walikokataa kuondoka.

Kipo Barabara ya Bagamoyo, jirani kabisa na stendi ya daladala ya Makumbusho, kwa hiyo hata usipokuwa na usafiri wako hupati shida. Ni uwanja wa wazi wenye miti, na ndani yake zimejengwa nyumba za asili za makabila yetu, kubwa kama zilivyo kwao. Mtoto anainama, anaingia. Makumbusho ya Taifa kule Mtaa wa Shaaban Robert nayapenda mno, lakini habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959 naziwekea akiba mpaka wakue kidogo. Kwa umri huu wanataka kugusa.

Kwenye msonge wa Wachaga mdogo alining'ang'ania gauni, mlangoni kulikuwa na giza. Macho yalipozoea, nikamwonyesha upande wa ng'ombe na upande wa watu. Akaniuliza kwa kunong'ona, "Wanalala pamoja?" Tangu hapo kila nyumba tuliyoingia alitafuta kwanza ng'ombe analala wapi.

Ila kilichonigusa zaidi ni tembe la Wagogo. Tulikuwa na mama yangu, ambaye amezaliwa na kukulia kwenye tembe huko Dodoma. Alipoliona, na lile paa lake la udongo lililolala bapa, alisimama kimya. Kisha akavua kandambili, akaingia. Binti yangu akamfuata: "Bibi, kitanda chako kilikuwa wapi?" Mama akamwonyesha pembeni, chini. "Hapa, mjukuu wangu. Tulitandika ngozi ya ng'ombe, sisi wanne, na mdogo anakaa katikati." Akaeleza walivyosaga uwele kwa jiwe, akapiga magoti kabisa na kusukuma mikono mbele na nyuma, hana jiwe wala uwele. Watoto wakapiga magoti pembeni yake, wote watatu wakasaga. Mimi ni mwanawe wa kumzaa, na ile habari ya kulala wanne nilikuwa siijui.

Mwende asubuhi. Sisi tulifika saa sita, jua kali, na kutoka nyumba hadi nyumba ni mwendo kwa miguu midogo. Bebeni maji na kofia. Getini ulizeni siku hiyo ngoma zinaanza saa ngapi, maana sisi tulizikuta mchana na wangu wa kiume alicheza mpaka shati likalowa. Msijilazimishe kumaliza nyumba zote. Tano, mkizikaa vizuri, zinawatosha.

Baba mkwe wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na anakuja mwezi ujao. Watoto wameshampigia simu kumwambia kuna nyumba ya mianzi wanataka akawaonyeshe alikuwa analala upande gani.