Uzoefu wangu: bahasha yenye sahihi ya Seneta Charles Sumner

Mwaka jana nilinunua mnadani, kwa njia ya mtandao, sahihi ya William Seward, waziri wa mambo ya nje wa Rais Abraham Lincoln wa Marekani. Tangazo lilisema imeandikwa kwa mkono. Ilipofika nikaiweka chini ya lenzi. Mistari yote myeusi tii, hakuna mahali wino ulipokolea wala ulipofifia. Ilikuwa imechapwa, ikakatwa kwenye kitabu! Vitabu vingi vya karne ya 19 viliweka picha ya mwanasiasa na nakala ya sahihi yake chini. Muuzaji hakurudisha hata senti, na iliniuma sana.

Safari hii nikaenda kwa muuzaji mdogo wa barua za kale, nikaomba bahasha nzima badala ya kipande. Hadi 1873 wabunge na maseneta wa Marekani walituma barua bure: pale penye stempu, mheshimiwa aliandika jina lake tu. Bahasha hizo zimebaki nyingi, kwa hiyo bei si ya kutisha. Yangu, ya Charles Sumner wa Massachusetts, ilinigharimu dola 95.

Ilifungwa vizuri mno, katikati ya makadibodi mawili magumu, ndani ya mfuko wa plastiki angavu, bila gundi popote. Wino umegeuka kahawia, kama wino wa chuma wa zamani unavyofanya, na herufi ya S inaonyesha wazi kalamu ilipokandamizwa na ilipoachiwa. Nilimulika kwa taa ya urujuanimno (UV): karatasi nyingi za kisasa hung'aa rangi ya samawati, hii ikabaki kimya. Kisha nikalinganisha mwandiko na barua zake kwa Lincoln, ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka mtandaoni bure. Fanyeni hivyo kabla ya kulipa, kwa sababu waheshimiwa wengine walisainiwa na makarani wao.

Muhuri wa posta una siku na mwezi bila mwaka. Lakini aliyeipokea kule Boston aliandika kwa penseli pembeni: Machi 1862. Hapo nilikaa kimya kidogo. Mwaka huo Sumner, akiwa mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje ya Seneti, alikuwa anapigania Marekani izitambue Haiti na Liberia, na Juni sheria ikapita. Huyu ndiye aliyepigwa kwa fimbo na mbunge Preston Brooks, Mei 1856, humo humo ukumbini, kwa hotuba yake dhidi ya utumwa. Hakurudi kazini kikamilifu mpaka 1859. Kushika karatasi iliyopita mkononi mwake ni jambo ambalo picha ya kwenye simu haiwezi kunipa.

Kasoro ninayo moja. Ukingo wa kushoto umechanika, na picha ya muuzaji haikuonyesha. Nilipomwandikia alinirudishia dola 15 siku hiyo hiyo, nami nikaridhika.

Sasa namtafuta Blanche Bruce, aliyezaliwa mtumwa akawa seneta wa Mississippi mwaka 1875. Nimeagiza barua yenye mwandiko wake, na nimemweleza muuzaji wazi kwamba sitaki ile sahihi iliyochapwa kwenye noti za dola alipokuwa ofisa wa Hazina.