Ziara za Mashetani Unguja: Zipi Zina Maana, Zipi ni Porojo

Mtembezaji akikupeleka kwenye jengo la gereza la kisiwa cha Changuu na kukwambia kwamba mizimu ya wafungwa hulia usiku, ujue umepigwa changa la macho. Jengo lile lilijengwa mwaka 1893 liwe gereza, lakini halikupata kufungwa mtu. Lilitumika kama karantini ya wagonjwa wa homa ya manjano. Kwa hiyo kabla ya kulipa ziara yoyote ya "maeneo yenye mashetani", muulize anayekuuzia: Changuu walifungwa watu wangapi? Akianza kutaja idadi, tafuta mwingine.

Ziara hizi huuzwa kwa namna tatu: matembezi ya usiku Mji Mkongwe, safari ya gari kaskazini kupitia Mtoni, Maruhubi na Mangapwani, na ile ya Dunga ambayo wachache huiuliza. Ubora wake umepishana sana.

Matembezi ya usiku ndiyo yanayouzwa zaidi, na ndiyo dhaifu zaidi. Vichochoro ni vyembamba, pikipiki hupita bila huruma, na kundi likizidi watu wanane, wa nyuma hawasikii kitu. Kituo cha kwanza mara nyingi ni Mkunazini, kwenye vyumba vya chini karibu na kanisa la Anglikana. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa likajengwa palepale, hilo halina ubishi. Vyumba vyenyewe ndivyo vyenye ubishi: wanahistoria kadhaa wanashikilia kwamba vilijengwa baada ya soko kufungwa, kama ghala la hospitali ya misheni. Mtembezaji mzuri atakueleza pande zote mbili. Mbaya atazima taa na kukwambia usikilize minyororo.

Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, nayo haikosekani. Ilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, na sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wakafa. Kuna masimulizi ya zamani kwamba watumwa walizikwa chini ya nguzo zake, na baada ya ajali masimulizi hayo yamepata soko jipya. Kuifanya ajali ya juzi, yenye wafiwa walio hai mjini, kuwa kionjo cha kutisha wageni ni utovu wa adabu. Hapo matembezi yanapoteza alama.

Kipimo kingine ni Popobawa, shetani linalosemekana kuvamia watu waliolala. Wengi wanalichora kama popo mwenye jicho moja, wakacheka na wageni, wakasonga mbele. Anayejua ataanza na mwaka 1995, hofu ilipotoka Pemba ikavuka hadi Unguja, mwaka ule ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Atakueleza kwa nini familia zilihamia nje na kulala pamoja wakiota moto: ilisemekana humvamia mtu aliyelala ndani, na kwamba aliyevamiwa asipotangaza, litamrudia. Sharti hilo ndilo lililoieneza hofu haraka, maana kila mhanga aligeuka mpiga mbiu. Ataeleza pia kwamba wengi hawakuona kitu. Walihisi uzito kifuani na mwili kugoma kusogea, mambo ambayo kila bibi wa Kiswahili anayajua kama jinamizi. Na hataficha kwamba mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati Unguja kwa kudhaniwa ndiye. Mtembezaji akiliruka hilo, anauza katuni.

Safari ya kaskazini ina thamani zaidi, ila mpangilio huharibiwa na haraka. Maruhubi ni nusu saa tu: kasri la Barghash lililokamilika mwaka 1882 na kuungua mwaka 1899, zimebaki nguzo, hamamu na birika. Kasri la Mtoni, alikozaliwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, mwaka 1844, linataka mtu anayeujua mpangilio wa nyumba, la sivyo unaangalia kuta.

Muda uwekwe Mangapwani, kilomita kama 20 kutoka mjini. Hapa kosa la kawaida ni kuchanganya sehemu mbili. Kuna pango la asili la matumbawe lenye maji baridi chini, na kuna chumba kilichochimbwa kwenye mwamba kufichia watumwa baada ya biashara kupigwa marufuku mwaka 1873. Kutoka moja hadi nyingine ni mwendo, na madereva wengi huonyesha moja na kulipisha kama mbili. Andikishianeni kabla ya kuondoka kwamba mnakwenda zote. Pangoni ngazi huteleza na mwanga huishia katikati, kwa hiyo viatu vya kufunga na tochi ya kichwani, mikono ibaki huru. Tochi ya simu haitoshi, na simu ikiponyoka itaangukia majini. Fikeni saa tisa alasiri, si magharibi. Mwanga ukiwapo mtaona alama za kuchimbia kwenye kuta za chumba cha watumwa, ambazo zinatisha kuliko hadithi yoyote.

Ziara ya Dunga, kwenye barabara ya Chwaka, ndiyo bora na ndiyo rahisi kuipanga. Palikuwa makao ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa Unguja, katikati ya karne ya 19. Husimuliwa kwamba damu ya watumwa ilichanganywa kwenye chokaa ya ujenzi, na kwamba mifupa ya watu ilikutwa kisimani miaka ya 1920. Wazee wa jirani huisimulia habari hiyo bila mbwembwe, na hapo ndipo tofauti ya ziara inapoonekana: mtembezaji mzuri humwachia mzee nafasi, yeye akatafsiri tu kwa wageni. Kampuni ikikataa kumlipa mzee huyo chochote, msikubali.

Kwa anayetaka mizimu kama inavyoaminiwa leo, si magofu, kuna pango la Kuumbi, Jambiani. Huko si jukwaa. Hodi hupigwa kwanza kwa wenyeji wanaolitunza, viatu huvuliwa ukiambiwa, na ubani au kitambaa kilichoachwa hakiguswi wala hakipigwi picha bila ruhusa. Mtembezaji anayeita kila kitu "jini" hafai kukupeleka. Mzimu hukaa mahali, pepo hupanda kichwani kwa mtu, na kila kimoja kina watu wake na masharti yake.

Kuhusu malipo: dai kuona kitambulisho cha mtembezaji kutoka Kamisheni ya Utalii, maana papasi, wale watembezaji wa mitaani wasio na kibali, wengi huuza ziara hizi ufukweni Forodhani na kutokomea na arubuni. Uliza kama viingilio vya magofu vimo kwenye bei, na kama gari litasubiri au litaondoka. Magofu mengi hufungwa jioni, hivyo ziara ya "Maruhubi saa tatu usiku" maana yake ni kuchungulia kutoka barabarani. Ramadhani iepuke kabisa kwa ziara za jioni: baada ya futari watembezaji wazuri wako tarawehe, wanaobaki ni papasi.