Skana ya "mwili mzima" Lubumbashi: dola 280, na swali ambalo hakuna aliyeniuliza

Nina miaka 46 na sikuwa naumwa popote. Ila tangu tumzike kaka yangu mkubwa, aliyeuawa na kansa ya ini, usingizi ulinihama. Nikakusanya dola 280, nikaenda kupigwa skana (CT, mashine ya mionzi inayopiga picha za ndani ya mwili) ya kifua na tumbo kwenye kituo kimoja hapa mjini. Jina lake silitaji.

Mashine ni nzima, wahudumu wapole, umeme haukukatika. Lakini waliponichoma ile dawa ya kung'arisha picha, joto lilishuka kutoka kooni hadi kiunoni, mdomo ukajaa ladha ya chuma, nikadhani nimejikojolea. Nilishika kitanda kwa mikono miwili. Kumbe ndivyo dawa ile ilivyo, inapita haraka, lakini mtu aambiwe mapema! Tena aulizwe kama figo zake ni nzima na kama anameza metformini ya kisukari. Mimi niliulizwa jina na pesa.

Jibu lilitoka kwa Kifaransa: kivimbe cha maji kwenye figo ya kushoto, milimita 14, kifuatiliwe. Wiki mbili mke wangu alikuwa akiamka usiku kusikiliza kama napumua. Nikalipia tena ekografi, picha ya mawimbi ya sauti. Kivimbe cha maji matupu, hakina madhara, watu wengi wanacho kadiri umri unavyosogea.

Ndipo nikaenda kwa mama daktari wa mtaani kwetu Katuba. "Baba, mbona hukuanzia kwangu?" Akanieleza kwamba skana kama ile hutoa mionzi ya milisiverti 10 hadi 20 hivi, wakati radio ya kifua, yaani eksirei, ni kama 0.1. Mara moja isinitie hofu, ila si ya kurudia kila mwaka bila sababu. Hata American College of Radiology, chama cha madaktari wa picha wa Marekani, hakipendekezi skana ya mwili mzima kwa mtu asiye na dalili wala hatari ya pekee. Picha za kinga zenye faida zina walengwa wake: mamografia, yaani picha ya matiti, kwa wanawake kuanzia miaka 40 au 50 kulingana na nchi, skana ya mionzi midogo ya mapafu kwa waliovuta sigara nyingi miaka mingi.

Kisha akaniuliza: "Kaka yako alipimwa hepatiti B?"

Sikujua. Hepatiti B, ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi, ni chanzo kikubwa cha kansa ya ini, mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, na huonekana kwenye damu, kwa kipimo cha bei ndogo sana kuliko skana. Tulikwenda watoto wote wa mama yetu. Mimi sina, nimeanza chanjo. Mdogo wetu wa kike anayo, na hajawahi kuumwa hata siku moja. Sasa anapigwa ekografi ya ini kila miezi 6, na mimi ndiye ninayempeleka.

Kituo nakipa nyota 2, zote za wahudumu.