Jiko la moshi la uani: kabla ya bei, kagua mlango

Lalamiko linalorudi kila msimu wa wageni hapa Malindi ni lile lile. Mtu kanunua jiko la moshi, lile la kuivisha nyama polepole kwa moshi, lenye kasha la moto ubavuni, paja la mbuzi limekaa ndani tangu asubuhi, na jioni upande mmoja umekauka, wa pili haujaiva, na lote lina uchungu wa masizi. Lawama hupewa kuni, mpishi, au mbuzi mwenyewe. Mara nyingi kosa liko kwenye mlango: jiko linavuja hewa.

Kwa hiyo magurudumu, rafu ya sahani na upana wa wavu siviingilii. Hivyo utaviona mwenyewe ukifika dukani. Pengo la mlango ndilo watu hawalitazami, na ndilo linaloamua kama umenunua jiko au umenunua chuma cha kupambia ua.

Jiko hili linafanya kazi kwa mvuto. Moto unawaka kwenye kasha la pembeni, joto na moshi vinapita kwenye tundu, vinatambaa juu ya nyama na kutokea dohani iliyo mwisho wa pili. Hewa ya moto ikipanda dohani, hewa mpya inaingia kwenye kilango cha kasha. Kifuniko cha chumba cha nyama kikiwa na pengo, moshi unatoroka hapo hapo karibu na moto, dohani inakosa nguvu ya kuvuta, na upande wa mbali unabaki baridi. Pengo likiwa kwenye kasha la moto, balaa ni nyingine. Hewa inaingia bila ruhusa yako, joto linapanda, unafunga kilango, bado linapanda, unafunga na dohani. Hapo moto unaacha kuwaka na kuanza kufuka, na ule moshi mweupe mzito unaganda juu ya nyama kama lami. Moshi unaoutaka ni mwembamba, wa rangi ya samawati, karibu hauonekani, na joto likae kati ya nyuzi 107 na 121 za Selsiasi. Jiko linalovuja halikai hapo hata ukilikodolea macho siku nzima.

Kukagua ni kazi ya dakika tano, ifanye kabla hujatoa pesa. Washa tochi, iweke ndani, funga kila kitu, kisha zunguka jiko mahali penye kivuli. Kila unapoona mwanga, moshi utatokea hapo. Halafu kata kipande cha karatasi, kibane kwa kifuniko, kivute. Rudia kona zote nne. Kikitoka bila kukwama kona moja tu huku tatu zinabana, kifuniko kimepinda, na kifuniko kilichopinda hakitibiki vizuri kwa utepe. Mwanya mwembamba unaolingana pande zote unatibika: utepe wa kuhimili joto kuzunguka kifuniko, na komeo mbili za kukibana. Pale kasha la moto linapoungana na chumba cha nyama kwa boliti, tia kamba ya nyuzi za kioo au saruji ya tanuri. Silikoni nyekundu ya gasketi wanayouza maduka ya spea inafaa chumba cha nyama peke yake. Kwenye kasha itaungua.

Sasa mpangilio wangu. La kwanza ni Oklahoma Joe's Highland, jiko la chapa ya Marekani, na siuonei haya upendeleo huo. Jiko lina uzito wa takriban kilo 80, na uzito ndio ushahidi wa chuma. Chuma kinene kikishapata moto hakishtuki upepo ukivuma, na kifuniko chake hakijikunji baada ya miezi mitatu. Linavuja, tena linavuja kifunikoni, kwenye mlango wa kasha na kwenye maungio ya boliti. Lakini linavuja mahali panapojulikana, mwanya wake unalingana, na utepe ukikaa sawasawa linatulia. Usiamini kipimajoto cha kiwandani. Kimekaa juu ya kifuniko wakati nyama iko chini, kwa hiyo weka chako usawa wa wavu. Ukipata lile la Highland linaloitwa Reverse Flow, lenye vibati vya kuurudisha moshi nyuma kabla haujatoka, joto litasambaa vizuri zaidi kutoka upande hadi upande.

La pili ni la fundi wa kuchomelea, bomba jeusi la chuma la milimita 6, kwa sharti kwamba utasimama naye. Likitengenezwa vizuri linalishinda la kwanza kwa kuhifadhi joto. Nimeliweka la pili kwa sababu ya mlango. Bomba likikatwa linajifungua, kwa kuwa chuma kilikuwa kimebanwa tangu kiwandani, na fundi anayekata mlango mzima kwa mara moja hataweza kuurudisha ukae. Mwambie akate upande wa bawaba kwanza, achomelee bawaba, ndipo akate pande zilizobaki. Kisha achomelee bapa la sentimita 2.5 kuzunguka mlango, lipite juu ya mkato na kuufunika. Achomelee kwa vipande vifupi vifupi akihama upande hadi upande, maana mshono mrefu wa moto mmoja unaukunja mlango.

Vipimo vya kumpa: bomba la kipenyo cha sentimita 50, urefu 90, linakuwa na ujazo wa lita 177 hivi. Kasha la moto liwe kama theluthi ya hapo, yaani sentimita 40 kila upande, lita 64. Dohani iwe na kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa 75, na mdomo wake uanzie usawa wa wavu, si juu kwenye mgongo wa jiko. Matundu ya hewa ya kasha, yakijumlishwa, yasipungue eneo la dohani, sentimita za mraba 78. Kitu kimoja usikubali hata bure: bomba la maji lenye zinki. Zinki ikipata moto mkali inatoa mafusho yenye sumu, na kasha ndipo penye moto mkali.

Char-Griller Smokin' Pro, nalo la chapa ya Marekani, ni la tatu. Wavu zake ni za chuma cha kusubu, nzuri sana, lakini droo ya majivu chini ya kasha ni tundu la hewa tangu kiwandani. Mwenye subira ya kuiziba atafaidi.

Pipa la lita 200 lililotiwa kisanduku ubavuni: bati lake ni la milimita moja tu au karibu na hapo, usiku wa upepo linakunywa kuni bila kushiba. Kama mfuko hauna njia nyingine, chukua lililobeba mafuta ya kula, ulichome tupu mpaka rangi ya ndani iishe. Yale majiko membamba ya kufunga kwa skrubu, yapite.

Chumvi ya bahari nayo ina hesabu yake. Kutoka Mayungu hadi Casuarina hakuna chuma kisichoshika kutu, na majivu yakilala ndani ya kasha yananyonya unyevu na kula chuma usiku kucha. Yatoe kila baada ya kupika, jiko likipoa. Ndani ya chumba paka mafuta ya kula, uwashe moto kwa muda wa saa mbili yagande. Nje, rangi ya kuhimili nyuzi 600. Kuhusu upepo, usielekeze kilango cha hewa kwenye kusi. Utakuwa umeweka feni mbele ya moto. Liweke jiko kwa ubavu, nyuma ya ukuta.

Kuni za huku zinatosha. Mathenge wa Tana River ni jamii moja na mesquite, mti wanaochomea nyama Texas. Moshi wake ni mkali, unafaa mbuzi na kidari cha ng'ombe. Mwembe ni mpole, uweke kwa kuku na sulisuli. Mvinje unawaka kwa nguvu, uchanganye. Vipande viwe vikavu, urefu wa sentimita 30, unene wa kiwiko, kimoja kila dakika 30 hadi 45. Mwarobaini usiutie, na mkoko hukatwa kwa kibali tu.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Tangazo linasema "chuma nzito" bila milimita hata moja, picha ni ya jiko la Marekani, na ukiuliza bei unaambiwa njoo inboksi. Ukikubaliana, linazuka la usafiri kutoka Mombasa, kilomita 120, kana kwamba Malindi imehamia jana. Hakuna sababu ya bei kufichwa. Ushuru unajulikana na VAT ni asilimia 16, waiandike yote chini ya picha.

Dawa ya "chuma nzito" ni mzani. Mita moja ya mraba ya chuma cha milimita 1 ina uzito wa kilo 7.85. Jiko la vipimo nilivyotaja, la milimita 6, litapita kilo 120 kabla ya miguu na wavu. Watu wawili wakilinyanyua bila kupumzika, si milimita 6. Mpe muuzaji hesabu hiyo hapo hapo, na usilipe amana kabla jiko halijapanda mzani.